Okapi: mnyama aliyekataliwa kwa sababu ya kwato zake

Wambuti, watu wa msitu wa Ituri huko Kongo, walimtazama nyumbu, wakaitazama ngozi ya punda milia, kisha wakavinyooshea kidole vyote viwili. Mnyama unayemuuliza, walisema, yuko hivi: umbo kama la huyu, mistari kama ya hii. Anaitwa okapi.

Hii ilikuwa Uganda, mwaka 1900. Muulizaji alikuwa Harry Johnston, kamishna maalumu wa serikali ya Uingereza. (Nyumbu huyo si yule wa Serengeti mwenye ndevu. Ni yule mtoto wa punda na farasi, anayebebeshwa mizigo.) Wambuti hao walikuwa wamechukuliwa kutoka msitu wa Ituri na Mjerumani mmoja aliyetaka kuwapeleka Paris wakatazamwe kwenye maonyesho makubwa ya mwaka ule, kama vile wanyama wa kwenye vizimba. Johnston aliwatoa mikononi mwake na kuwarudisha kwao Kongo. Njiani na kambini alikuwa na muda wa kuwauliza jambo lililomkaa kichwani miaka mingi: je, ni kweli ndani ya msitu ule mnene kuna mnyama mkubwa afananaye na farasi, ambaye hakuna mtaalamu yeyote wa Ulaya aliyewahi kumwona?

Leo tunajua jibu. Okapi yupo, ana picha kwenye vitabu vya shule, na ni ndugu wa twiga. Lakini nataka turudi 1900 na kujifanya hatujui. Tuuchukue ushahidi jinsi ulivyokuja, kipande kimoja baada ya kingine, tuuweke kwenye mizani. Nimechagua kisa hiki kwa ajili ya vijana kwa sababu visa vingi vya viumbe vya ajabu huishia kwenye "ni uongo mtupu", na anayevisoma hujifunza kucheka tu. Kisa cha okapi ni kigumu zaidi. Hapa wasimulizi walisema kweli, ushahidi ulikuwepo, na mtu mwenye akili na nia njema alisimama juu yake kabisa na bado akaukataa.

Maneno ya kwanza

Habari za kwanza zilizoandikwa zilitoka kwa Henry Morton Stanley, msafiri mashuhuri wa Ulaya. Kati ya 1887 na 1889 alivuka msitu wa Ituri akienda kumtafuta Emin Pasha, gavana wa jimbo la Ikweta kusini mwa Sudan. Mamia ya watu wa msafara wake walikuwa wamechukuliwa Zanzibar, na wengi wao walikufa kwa njaa ndani ya msitu huo. Katika kitabu chake cha 1890 aliandika sentensi chache tu kuhusu jambo letu. Wambuti, alisema, wanamjua punda, wanamwita "atti", na mara nyingine humnasa kwenye mashimo. Akaongeza kwamba ni ajabu mnyama kama huyo anapata nini cha kula humo. Wao wanasema anakula majani.

Tusimame kwenye neno hilo, majani. Kwa Kiswahili tunaweza kusema ng'ombe anakula majani tukiwa na maana ya nyasi. Wambuti walikuwa na maana ya majani ya miti. Punda ni mnyama wa nyasi, na chini ya msitu wa Ituri jua halifiki vya kutosha kuotesha malisho. Ndiyo maana Stanley alishangaa. Alikuwa ameshikilia mkononi habari mbili zisizopatana: mnyama ni punda, na mnyama anakula majani ya miti mahali pasipo na nyasi. Moja kati ya hizo ilikuwa kweli, nyingine ilikuwa tafsiri yake mwenyewe. Akashangaa, akaendelea na safari.

Kwenye mizani, habari hii ina uzito gani? Si mkubwa. Mtu mmoja anaandika alichoambiwa na watu wengine, kwa lugha ya kutafsiriwa. Lakini si bure pia. Wambuti hawakumwambia habari za jitu lenye macho ya moto. Walimwambia jinsi wanavyomkamata na anachokula. Anayetunga hadithi ya kutisha hueleza jinsi mnyama anavyomla mtu. Anayemjua mnyama hueleza jinsi mtu anavyomla mnyama. Mimi nikisikia habari za kiumbe chochote kisichojulikana, hilo ndilo la kwanza ninalolisikilizia.

Swali lililobeba jibu

Sasa turudi kwa nyumbu na ile ngozi ya punda milia. Miaka kama kumi baada ya Stanley kupita, watu wengine kabisa wanathibitisha kwamba mnyama yupo, tena wanamtaja kwa jina. Mashahidi wawili wasiokutana, wakisema jambo moja, wana uzito kuliko mmoja aliyelirudia mara kumi. Hapo mizani inapanda.

Lakini tazama swali lilivyoulizwa. Johnston aliuliza kuhusu mnyama anayefanana na farasi. Jibu lilikuwa tayari nusu limo ndani ya swali. Tena, Wambuti walikuwa wakijibu kupitia lugha nyingine ya Kiafrika isiyo yao, na vitu vya kulinganishia vilikuwa vile vilivyokuwepo machoni pao. Pale palikuwa na nyumbu na ngozi ya punda milia. Hapakuwa na twiga. Kama pangekuwa na twiga uani, huenda kidole kingeelekea upande mwingine kabisa na kisa hiki kingekuwa kifupi.

Jaribu mwenyewe. Mweleze rafiki yako aliyekulia mjini mnyama ambaye hajawahi kumwona, kwa kutumia vitu vilivyomo darasani tu. Atakuelewa, na atakuelewa vibaya. Nani kadanganya hapo? Hakuna. Shahidi anaweza kusema kweli tupu na msikilizaji akaondoka na picha ya uongo, kwa sababu picha hiyo ilijengwa kwa vifaa vya msikilizaji.

Johnston aliondoka na picha ya punda milia wa msituni.

Kipande cha ngozi

Alipovuka mto Semliki kuwarudisha wale Wambuti, alifika kwenye kituo cha Wabelgiji kilichoitwa Fort Mbeni. Maofisa wa pale hawakuwa wamemwona okapi akitembea, ila walimjua akiwa nyama, kwa sababu wawindaji walikuwa wakimleta kituoni ameshakufa. Walimweleza kwamba sehemu ya juu ya mwili ni ya kahawia, na kwamba mguu una kwato zaidi ya moja. Kuhusu ngozi, wakamwambia kulikuwa na moja, lakini askari walishaikata. Kilichopatikana ni vipande viwili vilivyogeuzwa mikanda ya kubebea risasi, vyenye mistari myeusi na myeupe.

Fikiria ukishika mkanda huo. Una manyoya, una mistari, ulikuwa juu ya mnyama hai. Maneno hayawezi kushindana nao. Kuanzia siku ile hakuna aliyeweza kusema kwa haki kwamba Wambuti walikuwa wanaota. Vipande vilipelekwa London, kwa mtaalamu wa wanyama Philip Sclater, naye mwaka 1901 akampa mnyama jina la kitaalamu, Equus johnstoni, yaani wa jamii ya farasi na punda, wa Johnston. Baada ya neno Equus aliweka alama ya kuuliza. Naipenda sana alama ile. Ni mtu anayesema: hapa ndipo ushahidi wangu unapoishia.

Kwa maana mkanda ule, pamoja na uzito wake wote, ulikuwa ushahidi wa upande mmoja. Okapi ana mistari kwenye makalio na miguu tu. Mwili uliobaki ni wa kahawia iliyokolea, laini kama mahameli. Askari anayetaka mkanda wa kupendeza atakata sehemu gani? Atakata penye mistari. Kwa hiyo kilichofika mezani London kilikuwa kile kile kinachomfanya okapi aonekane punda milia, na hakuna kingine. Tena mistari si kitambulisho cha ukoo. Tandala anayo, bongo wa msitu huo huo anayo, chui milia wa Asia anayo, na hakuna hata mmoja kati yao aliye ndugu wa punda.

Ushahidi unaweza kuwa wa kweli na bado ukawa umechaguliwa, hata bila mtu kukusudia. Unapooneshwa picha moja ya kiumbe cha ajabu, usiulize tu kama picha ni halisi. Uliza picha nyingine ziko wapi.

Nyayo

Hapa ndipo penye kiini cha kisa.

Johnston aliingia msituni na watu wa huko wakamtembeza kumtafuta okapi. Wakamwonesha nyayo. Zilikuwa mbichi, na kila unyayo ulikuwa na kwato mbili zilizoachana katikati, kama za mbuzi au ng'ombe. Wakamwambia: huyu ndiye.

Hakuwaamini. Aliandika mwenyewe baadaye, na ninamheshimu kwa kuandika, kwamba alidhani wanafuata pofu, yule swala mkubwa mwenye pembe zilizojisokota. Fuata fikra zake hatua kwa hatua, uone jinsi zinavyoonekana safi. Mnyama ana mistari, kwa hiyo ni jamii ya punda milia. Punda milia ana ukwato mmoja mzima kwa kila mguu. Nyayo hizi zina kwato mbili. Kwa hiyo nyayo hizi si za mnyama wangu.

Hatua ya pili na ya tatu hazina kosa. Hatua ya kwanza ilikuwa dhana, na kwa kuwa ilikuwa ya kwanza, aliisahau kwamba ni dhana. Alipofika kwenye unyayo, akaupima unyayo kwa dhana badala ya kuipima dhana kwa unyayo. Na onyo alikuwa ameshapewa. Wale maofisa wa Mbeni walishamwambia kwato ni zaidi ya moja. Stanley alishaandika kwamba anakula majani ya miti. Mnyama mkubwa mwenye kwato mbili, anayekula majani ya miti: kwa anayejua wanyama wa Afrika, hiyo ilitosha kumtoa kwenye zizi la punda.

Kuna jambo jingine ambalo sitaki kulipitia kimya. Waliomwonesha nyayo walikuwa watu waliozaliwa msitu ule, waliokuwa wakichimba mashimo ya kumnasa mnyama huyo na kumla. Yeye alikuwa na siku chache tu humo. Kati ya hao, nani ajuaye nyayo za msitu wa Ituri? Johnston aliwaamini walipotaja mistari, kwa kuwa mistari ililingana na alichotarajia. Aliacha kuwaamini walipoonesha kwato. Shahidi ni yule yule, ujuzi ni ule ule. Ukimwamini mtu pale tu anapokubaliana nawe, basi hukumwamini yeye hata kidogo. Umejiamini wewe.

Haukupita muda, homa ikawashika yeye na wenzake, wakalazimika kutoka msituni. Okapi hai msituni hakumwona kamwe.

Fuvu

Mwaka 1901 Karl Eriksson, Mswidi aliyekuwa ofisa wa kituo cha Mbeni, alimtumia Johnston ngozi nzima na mafuvu mawili. Mjadala ukaisha hapo. Farasi na punda wana meno ya mbele juu na chini. Fuvu la okapi halina meno ya mbele juu, kama ilivyo kwa ng'ombe na wanyama wengine wacheuao. Na kwenye taya la chini lina jino la pembeni lililogawanyika kama limepasuliwa, alama ambayo kati ya wanyama walio hai leo tunaikuta kwa mmoja tu mwingine, naye ni twiga. Mtaalamu wa London, Ray Lankester, akampa mnyama jina jipya: Okapia johnstoni. Farasi akaondolewa, alama ya kuuliza ikaondoka naye.

Sasa tuhesabu mashahidi wa msituni walisema nini, na fuvu na ngozi vilisema nini. Mistari: kweli. Kahawia juu: kweli. Majani ya miti: kweli, na ulimi wake mrefu wenye rangi ya bluu nyeusi umeumbwa kwa kuyavuta. Kwato mbili: kweli. Umbo kama la nyumbu: tazama yale masikio makubwa, utaelewa walichokuwa wakionesha. Yote yaliyotoka kwao yalisimama. Lililoanguka ni moja, "ni jamii ya farasi", na hilo lilitoka kwa wageni.

Baadhi ya waandishi wa Ulaya hupenda kusema okapi alikuwa "kiumbe cha hadithi" hadi 1901. Siikubali kauli hiyo. Alikuwa hadithi London. Ituri alikuwa kitoweo.

Mizani hiyo hiyo kwa wengine

Najua swali linalofuata, kwa sababu kila ninapokisimulia kisa hiki kijana mmoja huliuliza: basi na wale wengine nao huenda wapo?

Tumpime mmoja wa karibu. Katika mabwawa ya Likouala, kaskazini mwa Kongo-Brazzaville, kunasimuliwa mokele-mbembe, mnyama mkubwa wa majini mwenye shingo ndefu. Wageni wengi wamemgeuza kuwa dinosau aliyesalia. Habari zake ziliwafikia wasomaji wa Ulaya zaidi ya miaka mia moja iliyopita. Mwaka 1980 na 1981 Mmarekani Roy Mackal aliongoza misafara ya kumtafuta, na wengine wamefuata hadi ziwa Tele. Wamerudi na masimulizi. Fuvu hakuna, mfupa hakuna, ngozi hakuna, picha inayoeleweka hakuna.

Weka visa viwili sambamba. Kwa okapi, tangu Johnston alipoanza kuwauliza Wambuti hadi fuvu kufika mkononi, ulipita kama mwaka mmoja. Kila aliyeuliza zaidi alipata kitu kizito zaidi: neno, kisha mkanda, kisha nyayo, kisha fuvu. Mnyama halisi hufanya hivyo. Anakufa, anaoza, anaacha meno, anaacha mavi, anazaa, maana spishi haidumu kwa mnyama mmoja. Kwa mokele-mbembe kila aliyeuliza zaidi alipata simulizi nyingine yenye uzito ule ule. Kabla hujatafuta, kukosa mfupa hakuna maana. Baada ya kutafuta mara nyingi mahali penyewe, kukosa mfupa nako ni ushahidi.

Na sisemi hivyo kuwadharau watu wa Likouala. Ninachotaka ni waulizwe kama Wambuti walivyopaswa kuulizwa: bila kuoneshwa picha ya dinosau kwanza, maana mtu ukimwonesha picha na kumuuliza "ni huyu?", umerudia kosa la nyumbu na ngozi ya punda milia.

Na nyayo nazo zina upande wa pili. Desemba 1933 gazeti moja la London lilimtuma mwindaji, Marmaduke Wetherell, kumsaka mnyama wa ajabu anayesimuliwa kuishi katika ziwa Loch Ness huko Uskoti. Ndani ya siku chache akapata nyayo kubwa ufukweni. Sampuli za nyayo zilipopelekwa kwenye jumba la makumbusho ya viumbe London, wataalamu waliona ni za kiboko, na zote za mguu mmoja. Mguu mkavu wa kiboko, wa aina iliyokuwa ikitumika kama pambo majumbani, ulikuwa umegandamizwa kwenye tope tena na tena. Kiboko aliyeuawa na kukatwa mguu akatembezwa Uskoti!

Kwa hiyo nyayo za kweli zilikataliwa Ituri, na nyayo za kughushi zilishangiliwa Uskoti, na mara zote mbili ni kwa sababu moja: aliyeziona alishaamua anachotaka kukiona. Kilichoamua ukweli ni mtu aliyekaa chini akahesabu. Kwato ngapi? Mguu wa kulia au wa kushoto? Je, miguu yote minne ipo?

Semliki tena

Okapi wako hatarini sasa. Tangu 2013 wamewekwa rasmi kwenye orodha ya wanyama walio katika hatari ya kutoweka. Kuna hifadhi yao kule Ituri iliyoanzishwa 1992, makao yake yakiwa Epulu. Juni 2012 watu wenye silaha walivamia Epulu, wakaua watu, wakaua na okapi wote 14 waliokuwa wakitunzwa pale. Naliandika hili kwa uchungu.

Upande wa mto Semliki, ndani ya hifadhi ya Virunga, okapi alikuwa hajarekodiwa tangu 1959. Kulikuwa na vita, na wengi walidhani ameisha. Kisha mnamo 2006 watafiti waliokuwa wakipita msituni wakakuta alama kwenye udongo, kwato mbili zilizoachana katikati. Wakaziandika kama za okapi. Wenzao wakaenda wakafunga kamera kwenye miti, zile zinazojipiga zenyewe mnyama akipita mbele yake. Mwaka 2008 zikaleta picha za kwanza kabisa za okapi akiwa huru msituni. Moja ilipigwa usiku: giza, majani, na makalio yenye mistari yakiishia kwenye kichaka.